Waranti ya betri ni miezi 60, mwezi wa 40 naambiwa nilipe bei nzima. Hesabu hii imekaaje?

mama_wa_alfajiri

Wakuu, habari za kazi. Nina jambo limenikaa rohoni, naomba mnaojua betri mnisaidie kulielewa kabla sijatoa hela.

Gari yangu ni ya petroli, ya kawaida tu, si hizi zinazojizima zenyewe kwenye foleni. Natoka nyumbani kabla hakujapambazuka, kazini si mbali, jioni narudi na taa. Betri ilianza kuchoka taratibu. Stata ikawa inazunguka kwa uzito, taa za dashibodi zinafifia kila nikizungusha ufunguo, halafu asubuhi moja ikawa ni tk-tk-tk basi. Jirani akanibusti, nikaenda moja kwa moja kwa aliyeniuzia.

Ubavuni betri ina lebo kubwa: WARANTI MIEZI 60. Siku nainunua palikuwa na nyingine ya waranti ya miezi 36, na hiyo 60 ndiyo iliyoamua. Risiti ninayo, tarehe inasomeka vizuri, na huu ni mwezi wa 40.

Kwanza waliipima ikiwa tupu, wakasema haina ubovu, imeisha chaji tu, nikaichaji nyumbani. Nikakataa, nikawaomba waichaji wao. Ikalala kwenye chaja, asubuhi wakaipima tena mbele yangu. Lebo inasema CCA 600, yaani ampea ambazo betri inaweza kutoa kuwasha injini kwenye baridi. Kikaratasi kilichotoka kwenye mashine kimeandika 285 na chini yake neno moja: BADILISHA. Hapo wakakubali kwamba ni mbovu.

Nikajua yameisha. Kijana wa kaunta akavuta kikokotoo. Akanieleza kuwa miezi 18 ya kwanza ndiyo ya kubadilishiwa bure, na baada ya hapo unalipia kila mwezi uliokwisha kuutumia tangu siku uliyonunua. Nimebakiwa na miezi 20 kati ya 60, kwa hiyo napata punguzo la theluthi moja. Theluthi si haba. Lakini ni theluthi ya nini? Si ya bei niliyolipa. Ni ya "bei ya orodha", ambayo ni mara moja na nusu ya bei niliyolipa mimi na anayolipa kila mtu anayeingia pale. Ukitoa theluthi ya bei hiyo, kinachobaki ni sawasawa na pesa niliyonunulia betri nzima.

Kuna jingine lililoniuma zaidi. Betri ya kubadilishiwa haianzi waranti upya, inarithi miezi 20 iliyobaki. Kando yangu alisimama mteja aliyekuja kununua betri hiyohiyo. Alilipa kiasi kilekile nilichotajiwa mimi, akaondoka na miezi 60. Yaani mwenye waranti na asiye na waranti wanalipa sawa, na mwenye waranti anaondoka na theluthi ya alichopata mwenzake.

Sikulipa. Nimeondoka na betri yangu mbovu na kikaratasi chake. Naomba mnieleze: betri ya gari inapaswa kuishi muda gani hasa? Na hii hesabu ndivyo inavyofanywa kila mahali, au nimechezewa?

fundi_umeme

Pole sana dada. Nianze na umri, hesabu waje wenyewe.

Betri ya kawaida ya risasi na asidi, ukiitunza, huishi miaka 3 hadi 5. Yako imekaribia miaka mitatu na nusu, kwa hiyo haijafa mtoto, ila imekufa mapema kidogo. Ile 60 iliyoandikwa ubavuni usiisome kama umri wa betri. Huo ni mpango wa mauzo.

Kinachoua betri nyingi ni joto la chini ya boneti na kutojaa chaji. Joto huongeza kasi ya kutu kwenye nyavu za pleti za chanya na kukausha maji. Kwa makadirio tunayotumia mafundi, kila nyuzi 10 za Selsiasi zikiongezeka kasi hiyo inakaribia maradufu. Halafu kila betri inapotoa umeme, pleti zinajipaka salfeti ya risasi. Ukiichaji mpaka ikajaa, salfeti inarudi ilikotoka. Isipojaa, inayobaki inagandamana kuwa fuwele ngumu, na kila kipande cha pleti kilichofunikwa na fuwele hakifanyi kazi tena. Hiyo ndiyo 285 yako.

Safari zako fupi za gizani zinanitia shaka. Watu husema stata ndiyo inamaliza betri. Si kweli. Stata inavuta ampea nyingi, 150 hata 200 kwa gari ndogo, lakini kwa sekunde chache, na umeme huo alternata, ile mashine inayochaji betri injini ikiunguruma, inaurudisha ndani ya dakika chache. Shida ni asilimia 20 ya mwisho. Betri inaipokea polepole mno, kwa saa kadhaa, na wewe hukai barabarani saa kadhaa. Taa zinawaka, feni inazunguka, kioo cha nyuma kinapashwa moto, injini inaunguruma polepole kwenye foleni. Betri ya namna hiyo inaishi mwaka mzima bila kuonja kujaa.

Kabla hujanunua nyingine nataka vipimo vitatu kwa mita. Busti gari, kisha pima volti kwenye vichwa vya betri injini ikiunguruma, taa zimezimwa, halafu taa zimewashwa. Cha tatu ni umeme unaovuja gari likiwa limezimwa. Funga milango, subiri karibu saa nzima kompyuta za gari zilale, kisha pima ampea kwa kupitisha waya wa hasi ndani ya mita. Usiwashe gari mita ikiwa hapo, utaunguza fyuzi yake. Inayokubalika ni kama miliampea 50 kushuka chini.

dada_wa_hesabu

Mimi hizi waranti nimezisoma sana kwa sababu ya gari za ofisi, na hasira ya mama_wa_alfajiri ninaielewa kabisa. Ngoja niiweke wazi ili kila mtu aone pesa inapopotelea.

Chukueni masharti aliyopewa: miezi 60, bure 18, bei ya orodha mara moja na nusu ya bei halisi. Mwezi wa 18 betri ikifa hulipi kitu. Ikifa mwezi wa 19, unalipa asilimia 47.5 ya bei halisi. Someni tena hapo. Mwezi mmoja tu, kutoka bure hadi karibu nusu bei, kwa sababu hesabu hairudi kuanzia pale bure ilipoishia. Inarudi hadi siku ya kwanza na kukutoza miezi yote 19. Mwezi wa 30 unalipa asilimia 75. Mwezi wa 40, asilimia 100. Mwezi wa 50 ungelipa asilimia 125, yaani waranti inakugharimu zaidi ya kutokuwa nayo.

Kwa hiyo betri ile haina waranti ya miezi 60. Ina waranti kamili ya miezi 18, kisha msaada unaonyauka hadi mwezi wa 40, kisha hakuna. Miezi 20 ya mwisho ni wino kwenye lebo. Na kumbukeni fundi amesema betri huishi miaka 3 hadi 5. Mwezi wa 36 mpaka wa 60 ndipo betri zinapokufa, na ndipo waranti hii karibu haina kitu.

Ile ya miezi 36 uliyoiacha, je, ilikuwa ya kubadilishiwa bure miezi yote 36? Kama ndiyo, ilikuwa nzuri kuliko hii mara mbili. Mimi namba kubwa siisomi tena. Nauliza maswali mawili tu: bure ni mpaka mwezi wa ngapi, na baada ya hapo mnakata kutoka bei ipi. Ukiambiwa wanakata kutoka bei iliyo kwenye risiti yako, hiyo ni hesabu ya haki. Bei ya orodha, ondoka.

mzoefu_wa_kaunta

Nimefanya kazi nyuma ya kaunta za namna hiyo kwa muda mrefu, naomba niseme upande wa pili bila kuutetea usiotetewa.

Kukata kadiri ya matumizi si dhuluma yenyewe. Betri ni kitu cha kuisha, kama tairi. Ukiitumia miezi 40, hiyo miezi umeila. Ingekuwa wanakata kutoka bei uliyolipa, ungelipa theluthi mbili ukaondoka na betri mpya, na wala usingekuja kulalamika. Bei ya orodha ndiyo inayoharibu jambo zima, na yule kijana hakuipanga. Mfumo unamletea namba, yeye anaisoma.

Ila meneja ana nafasi ambayo kijana hana. Rudi na risiti na kile kikaratasi cha 285, usigombe, omba uuziwe betri mpya kwa bei ya dukani ukiwa na waranti mpya ya miezi 60, na punguzo lako lihesabiwe kutoka bei ya risiti. Mara nyingine wanakubali, maana wanajua hesabu yao haisimami mbele ya mteja aliyeielewa. Wakikataa kabisa, basi achana na waranti. Nunua kama mteja mpya. Usikubali kurithi miezi 20 kwa pesa ileile, hilo ni kosa ninaloliona kila siku.

Na wengine mnaosoma: tunzeni risiti. Usipokuwa nayo, miezi wanaihesabu kuanzia tarehe ya kutengenezwa, na betri huenda ilikaa rafuni muda mrefu kabla hujaiona. Tarehe hiyo kampuni nyingi huiandika kwa herufi na tarakimu kwenye kistika kidogo, A ni Januari, B ni Februari, na tarakimu ni mwaka. Itafute kabla ya kulipa. Betri iliyolala rafuni bila kuchajiwa inajitoa chaji yenyewe na ile salfeti ya fundi inaanza kujenga ukiwa bado hujaifunga garini. Na anayeendesha teksi au gari ya mizigo asome sharti la biashara, kwani mara nyingi waranti hukatwa sana au kufutwa.

mzee_wa_barabara

Wanangu, ongezeni hili: wenye gari zinazojizima kwenye foleni wasifungiwe betri ya kawaida hata siku moja. Zile zinataka AGM au EFB, aina za betri zinazohimili injini kuwashwa na kuzimwa mara nyingi. Ya kawaida inakufa upesi humo, na mwenye waranti atasema ulifunga isiyofaa. Atakuwa na haki.

mama_wa_alfajiri

Asanteni sana, nimepata mengi kuliko nilivyotarajia. Mzee wa barabara, nimekusikia, gari yangu si ya aina hiyo.

Fundi, vipimo hivi hapa. Injini ikiunguruma bila taa ni volti 14.2. Nikiwasha taa na feni inashuka 13.9. Gari likiwa limelala, uvujaji ni miliampea 210. Nikaanza kuchomoa fyuzi mojamoja kama unavyoona wanafanya, na nilipofika fyuzi ya kamera ya kioo cha mbele namba ikaanguka hadi 40. Kamera ilifungwa na mafundi waliosema inajizima yenyewe. Haijizimi, imeunganishwa kwenye umeme wa kudumu.

Nimerudi dukani na kumwona meneja. Alisikiliza kwa heshima, akasema bei ya risiti hawezi. Dada_wa_hesabu, nilimwonyesha ile hesabu yako ya mwezi wa 50, akanyamaza kidogo, akasema masharti yanatoka kwa mtengenezaji. Nimenunua kwingine, miezi 36, yote ya kubadilishiwa bure, nimeomba waandike hivyo kwenye risiti na wameandika. Kistika kinaonyesha ilitengenezwa miezi miwili iliyopita.

Swali la mwisho, fundi. Sasa nichaji nyumbani kila wiki?

fundi_umeme

Alternata yako ni nzima, 14.2 na 13.9 ni namba nzuri. Kamera ndiyo mkosaji wa pili baada ya safari fupi. Miliampea 210 ni kama ampea-saa 5 kwa siku, na betri ya ampea-saa 60 ikiachwa hivyo siku sita inafika nusu. Mwambie fundi aihamishie waya wake kwenye fyuzi inayokufa ukichomoa ufunguo.

Kila wiki si lazima. Mara moja kwa mwezi iache kwenye chaja inayojizima, usiku mmoja, mpaka ijae kweli. Asubuhi ichomoe, iache saa chache, pima: ukisoma 12.6 au zaidi, iko sawa. Ikirudia 12.4 wiki baada ya wiki, chaji mara nyingi zaidi.

Halafu ile mbovu usiitupe wala usiiache bure kwa yeyote. Risasi yake inayeyushwa na kutumika tena, kwa hiyo ina thamani. Muulize aliyekuuzia mpya anakata kiasi gani ukimpelekea ya zamani. Ibebe wima, vifuniko juu, usiilaze kwenye kiti.