Nikiwa chini ya nusukaputi, mimi nilikuwa wapi?

Mdadisi
Wakuu, habari zenu. Mwezi uliopita nilitolewa mfuko wa nyongo. Nikaambiwa nihesabu kurudi nyuma kuanzia kumi. Nilifika saba, mara nasikia naitwa jina, kazi imekwisha. Usingizi wa usiku hauko hivyo, ukiamka unajua kabisa kwamba muda umepita. Huku hakukuwa na giza, ndoto wala muda. Moyo ulidunda, na naambiwa ubongo nao haukusimama. Sasa kama ubongo ulikuwa kazini, mbona mwenyewe sikuwepo? Swali hili halinitoki. Wenye ujuzi nisaidieni.

Kijana wa Zamu
Rahisi tu mkuu. Ubongo ni kompyuta, ulizimwa halafu ukawashwa.

Mama Usingizi
Hapana mwanangu, haukuzimwa. Kutoa dawa za usingizi ndiyo kazi yangu, na ubongo wa mgonjwa aliyelala hauko kimya hata kidogo. Propofoli, dawa tunayoitumia sana, huongeza nguvu ya kemikali ambayo ubongo wenyewe huitumia kujituliza. Mawimbi ya umeme yanakuwa makubwa na ya polepole. Sauti inaendelea kufika kwenye eneo la ubongo linalopokea sauti. Kinachokatika ni mazungumzo kati ya eneo moja na jingine.

Kundi la watafiti aliokuwemo Marcello Massimini wa Italia lilionyesha jambo hili vizuri mwaka 2013. Waligusa ubongo kwa mpigo wa sumaku kutoka nje ya fuvu, kisha wakapima mwangwi wake, yaani umeme ambao ubongo ulijibu nao. Kwa mtu aliye macho, mwangwi ulisambaa huku na kule kwa mpangilio tata. Kwa aliyepewa propofoli ulifia karibu na pale ulipoanzia, au ukawa wimbi moja lisilo na mambo mengi ndani yake.

Sasa Mdadisi, nikuulize nawe: una hakika hukuwepo? Unachojua kwa hakika ni kwamba hukumbuki. Hayo ni mambo mawili tofauti. Kuna kipimo cha tangu miaka ya 1970: kabla ya kutoa dawa ya kulegeza misuli, mkono mmoja unafungwa mkanda ili dawa isiufikie. Mgonjwa akishalala anaambiwa, "Kama unanisikia, nibane mkono." Wapo wachache wanaobana! Baadaye ukiwauliza, wengi wao hawakumbuki chochote. Kwa hiyo fahamu, kumbukumbu na kuitikia vinaweza kuachana njia. Na ketamini, dawa nyingine ya usingizi, ndiyo inanishangaza zaidi. Mtu analala macho wazi, humpati kwa lolote, kisha anaamka na kukusimulia safari ndefu aliyokuwa nayo.

Mdadisi
Mama, hapo umenishtua. Ina maana mtu anaweza asiitikie kabisa na bado yupo?

Mama Usingizi
Ndiyo, na ni jambo ninalolibeba moyoni. Mwaka 2006 mtafiti wa ubongo Adrian Owen na wenzake waliandika habari za mwanamke wa miaka 23 aliyeumia katika ajali ya gari. Kwa miezi hakuitikia chochote. Walimweka kwenye mashine ya kupiga picha za ubongo wakamwambia awaze anacheza tenisi, kisha awaze anatembea chumba kwa chumba nyumbani kwake. Ubongo wake ukawaka sehemu zilezile zinazowaka kwa mtu mzima wa afya. Mwaka 2024 ukatoka utafiti mkubwa zaidi: katika wagonjwa 241 wasioweza kutii amri kwa mwili, 60 walionyesha kwa ubongo kwamba wanaifuata. Ni robo nzima. Ndiyo maana sikubali mtu aongee ovyo juu ya kichwa cha mgonjwa. Mimi humwita jina, humweleza namgeuza upande gani na kwa nini.

Msomi wa Jioni
Shikamoo mama. Naafiki yote, ila swali la Mdadisi lina shina jingine. Hata tukijua fahamu ipo lini, bado hatujajua kwa nini kazi ya chembe za ubongo iambatane na kuhisi. Binti mfalme Elisabeth wa Bohemia alimbana mwanafalsafa Descartes mwaka 1643: roho isiyo na mwili inausukumaje mwili? Leo swali limegeuka, mwili unazaaje hisia? Mwanafalsafa David Chalmers aliliita tatizo gumu mwaka 1995, na ugumu upo palepale. Wingi wa chembe hautoshi kulijibu. Ubongo una chembe za neva takriban bilioni 86, na bilioni 69 kati ya hizo ziko kwenye ubongo mdogo wa nyuma. Lakini wapo watu waliozaliwa bila sehemu hiyo, wanatembea kwa shida, na fahamu wanayo.

Mama Usingizi
Marahaba. Hilo la mwisho nakuachia wewe na wenzako, msilitupe. Langu ni hili, Mdadisi: ukifanyiwa upasuaji tena, mweleze mtoa usingizi mapema kama uliwahi kukumbuka chochote, hata sauti moja. Wengi hunyamaza wakidhani wataonekana wamechanganyikiwa, na sisi tunaihitaji sana habari hiyo wakati wa kupanga dawa.