Mnaotuuzia chuma cha meno bila karatasi, leo mtanisikia

Wakuu, nimevumilia nimechoka. Mimi ni fundi wa maabara ya meno, mwaka wa kumi na moja huu nakula moshi wa tanuri. Wiki hii kofia tano za kuvika meno, chuma ndani na kauri juu, zimerudi kutoka kliniki, zote kauri imebanduka. Bosi kanikata hela, daktari kanisema mbele ya mgonjwa, na muuzaji aliyetupa chuma ananijibu kwenye simu: "Fundi, wewe ndiye unachoma vibaya."

Mimi?

Nilichukua kipande kimoja kilichobanduka nikakigeuza chini ya lenzi. Upande wa ndani, ule uliokuwa umelalia chuma, ni mweusi wa kuelekea kijani. Chuma chenyewe kimebaki kitupu, kinang'aa. Mwenye fani ameshaelewa: kauri haikuachia oksaidi (utando unaoota juu ya chuma kikichomwa), oksaidi ndiyo imeachia chuma. Ilikuwa nene kama ukoko wa wali, na ukoko ukibanduka unabanduka na vyote vilivyo juu yake.

Kwa wasio wa fani (maana kuna wanaodhani tunabandika kwa gundi): kauri haishiki chuma kitupu. Kofia ya chuma inaingia tanurini peke yake kwanza, joto linapanda, kwa nikeli-kromu ni kama nyuzi 980 hivi kutegemea mtengenezaji, uso unapata utando wa oksaidi, na kauri ikija kuchomwa juu yake inaushika huo utando. Dhahabu safi haiupati hata uichome vipi, ndiyo maana dhahabu ya kazi hii hutiwa bati au indiamu kidogo sana, ili vikipata moto vije juu na kufanya huo utando. Sisi wa nikeli-kromu shida yetu ni kinyume. Kromu ina pupa ya oksijeni. Zidisha joto au dakika, utando unanenepa. Kwa hiyo kuna aloi (mchanganyiko wa metali) inataka vakyumu, kuna inayotaka hewa, kuna ambayo ukishaichoma unapiga mchanga wa alumina kuondoa utando kabla ya opeki (tabaka la kwanza la kauri linaloficha rangi ya chuma), na kuna ambayo unauacha. Yote hayo yapo kwenye kikaratasi kimoja ndani ya kopo.

Kikaratasi kiko wapi sasa? Jamaa anafungua kopo, anagawa kwenye vifuko vya nailoni gramu mia mia, anaandika "NiCr", yaani nikeli-kromu, kwa maka peni. Basi. Nikauliza joto, kaniambia "choma kama ile ya zamani." Ya zamani ipi? Hata kiwango cha kutanuka hajui, na kauri inatakiwa itanuke pungufu kidogo kuliko chuma ili ikipoa chuma kiibane. Bila namba napiga ramli.

Kinachoniuma zaidi ni berili, metali nyingine hiyo. Zipo aloi za nikeli zinazotiwa berili, zinamiminika vizuri na utando wake ni mwembamba, kwa hiyo uchomaji wake ni tofauti. Lakini vumbi lake wakati wa kusaga linaharibu mapafu. Kiwango cha kimataifa cha metali za meno, ISO 22674, hakiruhusu izidi asilimia 0.02. Kwenye kifuko changu imo kiasi gani? Nimesaga kofia hizo tano nimevaa barakoa ya kitambaa, halafu mtu ananiambia nachoma vibaya! Na mgonjwa mwenye mzio wa nikeli naye tumwambie nini?

Nikiri moja: mabaki ya kumiminia huwa tunayeyusha tena na tena hapa kwetu, bosi anajua, na si sawa. Lakini kofia hizi tano zilikuwa chuma kipya pekee, kutoka kifuko cha huyo muuzaji.

Jana usiku, kwa umeme wangu, nilichoma vibamba viwili vya chuma hicho hicho. Kimoja nilikipiga mchanga baada ya oksaidi mpaka kikarudi kijivu, kingine nikakiacha na weusi wake. Opeki ileile, kauri ileile. Asubuhi nikavikunja kwa koleo. Cha kwanza kauri ilipasuka lakini vipande vikabaki vimeng'ang'ania chuma. Cha pili ilidondoka mezani nzima, kama ganda la yai.

Nimevipiga picha vyote viwili, nikamtumia muuzaji. Tiki za bluu tangu saa mbili asubuhi. Kimya.