Mbuzi "wa asili" wa Mombasa: hajachomwa sindano, au katunzwa?

Mfugaji, Mtongwe:
Assalaam aleikum, ndugu zangu. Kila Idd ya kuchinja ikikaribia, wauzaji hapa kwetu hunadi: "Huyu wa asili, sindano haijui." Mnunuzi akisikia hivyo analipa zaidi, haulizi jingine. Nami nasema wengi wa hao si mbuzi wa kilimo hai, yaani ufugaji usiotegemea kemikali. Ni mbuzi waliotelekezwa.

Masika yaliyopita nilimsikiliza mtu aliyeniambia minyoo dawa yake mwarobaini, basi. Mbuzi jike wangu, mimba ya miezi minne, akaanza kuvimba chini ya taya. Nikamnywesha mwarobaini siku kumi. Nilipomfunua ukope wa chini, mweupe pe! Minyoo walikuwa wamemnyonya damu yote. Akafa na wana tumboni, na mimba ya mbuzi ni siku 150 tu. Jambo hili bado laniuma.

Kilimo hai hakisemi mnyama aachwe afe. Kiwango cha Afrika Mashariki cha 2007, chenye alama ya Kilimohai, kinakataa dawa za mazoea na za kukuzia. Mgonjwa anatibiwa, kisha nyama na maziwa yake yanasubiri mpaka dawa iishe mwilini. Kazi kubwa iko kabla ya dawa. Viluwiluwi vya minyoo hukaa chini kwenye majani mabichi yenye umande, kwa hiyo mbuzi wangu hawatoki mpaka jua likaushe. Nawatundikia matawi ya mlusina wale wakiwa wameinua shingo, kama walivyoumbwa. Banda nimeliinua kwa mbao zenye nafasi, kinyesi kinaanguka chini, kinakwenda kwenye mchicha. Wakati wa mvua naangalia kope za kila mmoja, na anayepauka ndiye pekee anayepewa dawa ya minyoo. Ukiwanywesha wote kila mara, minyoo huizoea.

Nyie mwaonaje?

Mkaazi, Majengo:
Kaka, pole kwa mbuzi wako, lakini hofu yetu haikuzuka hivi hivi. Antibiotiki zinauzwa dukani kama peremende. Mtu anachoma leo, kesho anauza. Wazee wetu walifuga bila hayo yote, na nyama ilikuwa nyama.

Mama wa mbuzi watatu, karibu na Kongowea:
Wangu wala maganda ya ndizi na mabaki ya mchicha wa sokoni. Je, ni wa asili au si wa asili?

Mwalimu wa madrasa, Kisauni:
Mbona hamuwataji wanaozurura majaani? Katika fiqhi, mnyama alaye najisi huitwa jallala, na hufungiwa alishwe chakula safi kwanza, ndipo achinjwe. Sisi neno jalala twaliitia jaa lenyewe.

Mfugaji, Mtongwe:
Shukrani, mwalimu. Jaani kuna na plastiki. Mifuko ya kubebea ilipigwa marufuku Agosti 2017, lakini vipande bado vimejaa, na vikifika tumboni havitoki. Mbuzi anakonda huku tumbo limejaa.

Mama, mabaki ya sokoni yametoka kwa wakulima wanaopulizia dawa, kwa hiyo alama ya Kilimohai hupati. Hata hivyo mbuzi wako namnunua mimi kabla ya huyo wa jaani. Toa kamba na nailoni tu.

Kaka wa Majengo, kuhusu sindano ya leo na kuuza kesho, nakuunga mkono kabisa. Kuhusu wazee, hapana. Wao walikuwa na vichaka, mbuzi hakulala na kula pahala pamoja mwaka mzima. Leo Mtongwe ni ploti na ukuta, minyoo inabaki papo hapo.

Mimi nina daftari: nani aliumwa, alipewa nini, tarehe gani. Sasa nawauliza nyinyi wanunuzi. Mbuzi aliyetibiwa Aprili na kuandikwa, na mwingine asiye na rekodi yoyote ila maneno ya muuzaji, utamchinja yupi?