Ushauri: Bibi alikuwa na mwanya au pengo? Wasifu unasomwa Jumamosi

Mjukuu wa Korogwe:
Wakuu, habari za jioni. Jumamosi tuna misa ya mwaka mmoja tangu bibi yetu atutoke, na mimi ndiye nitakayesoma wasifu. Kaka ameshauandika, ila jana shangazi alipousikia aliinuka akatoka sebuleni bila kusema neno. Sentensi zenye utata ni hizi:

"Bibi alijulikana kwa pengo lake la mbele na tabasamu lisilokauka."
"Ameacha mwanya mkubwa katika ukoo."
"Kifo chake kisilete pengo kati ya wanawe."
"Baada ya misa kutakuwa na likizo ya nusu saa."

Bibi hakuwahi kung'oka jino la mbele, ile nafasi alikuwa nayo tangu usichana. Kaka anasema yote hayo ni uwazi tu, hakuna tofauti. Mimi nahisi ipo ila nashindwa kuieleza, na sitaki shangazi aumie mbele za watu. Naomba kuwasilisha.

Bi Mkubwa wa Pangani:
Pole sana mwanangu. Shangazi yako ana haki. Mwanya ni nafasi ya kuzaliwa nayo katikati ya meno mawili ya mbele ya juu, na huku kwetu ni pambo, msichana mwenye mwanya husifiwa. Pengo ni pale jino lilipotoka. Ukisema bibi alikuwa na pengo umemwambia kila mtu kanisani kwamba aling'oka jino. Andika "mwanya wake", na wala usiongeze neno "mzuri". Mwanya unajisifu wenyewe.

Mwalimu Mstaafu:
Nakuongezea kipimo nilichokuwa nikiwapa wanafunzi. Jiulize: hapo palikuwa na kitu? Kama kilikuwepo kikaondoka, hilo ni pengo. Ndiyo maana mchezaji akiumia tunatafuta wa kuziba pengo lake, na marehemu huacha pengo. Wahenga walisema jino la pembe si dawa ya pengo, maana hata ukiweka la bandia, lililotoka limetoka.

Mwanya haudai kitu kilichopotea. Ni nafasi ambayo kitu kinaweza kupita, na mara nyingi kinachopita si kizuri: mianya ya rushwa, mianya ya kukwepa kodi. Kwa hiyo "ameacha mwanya katika ukoo" inasikika kama bibi ameacha mlango wazi kwa wezi. Hizo sentensi mbili za kwanza zibadilishane maneno tu.

Jaduong' K:
Mwalimu, naomba kuuliza kwa heshima. Sisi Wajaluo zamani tulikuwa tunang'oa meno sita ya chini kwa mila. Babu yangu alikuwa hivyo na alijivunia sana. Hilo nalo ni pengo, ilhali halikuwa aibu?

Mwalimu Mstaafu:
Ni pengo, ndugu yangu, kwa sababu meno yalikuwepo. Neno lenyewe halina aibu. Kilichomuudhi shangazi ni kwamba si kweli kwa bibi. Na wale wanaochonga meno ili wapate nafasi katikati, hawakung'oa kitu, kwa hiyo wao tunasema wana mwanya.

Fundi Uashi:
Sentensi ya tatu mimi naiona kwa jicho la kazi yangu. Watoto wa marehemu wakianza kununiana, huo ni ufa. Ufa huanzia pembeni mwa dirisha, mwembamba, unaupaka rangi unadhani umekwisha, kumbe msingi umetitia na ufa unaendelea kupanda mpaka kwenye lenta. Pengo limetulia, ufa unatembea. Nimeona familia mbili nilizozijengea zikigawanyika baada ya msiba, na zote zilianza na kitu kidogo cha kugawana vyombo. Mwambie kaka yako aandike "kisilete ufa". Wingi ni nyufa.

Bi Mkubwa wa Pangani:
Fundi umesema kweli tupu. Sijui kama huko kwao ufa umeshaanza, lakini shangazi kutoka bila kusema neno, mimi ningemfuata chumbani leo leo.

Dada Hesabu:
La mwisho ni jepesi: likizo ni siku, mtu huenda likizo ya wiki au mwezi. Nusu saa ni mapumziko, kama yale ya dakika 15 katikati ya mpira. Ila kwa kuwa wasifu huenda unasema "bibi amepumzika", ningeandika tu "tutakunywa chai kwa nusu saa".

Mjukuu wa Korogwe:
Shikamooni wakubwa wangu, asanteni nyote. Nimemfuata shangazi, tumelia kidogo. Kumbe yeye naye ana mwanya uleule, na bibi ndiye aliyemkataza kuuziba alipokuwa binti. Kaka amekubali kubadilisha. Sasa inasomeka hivi: "Bibi alijulikana kwa mwanya wake, aliomwachia binti yake. Ameacha pengo katika ukoo. Kifo chake kisilete ufa kati ya wanawe." Shangazi ameomba asome yeye sentensi ya kwanza.