Mrejesho: Dodoso la maoni ya wafanyakazi

Nawashukuru wote mlionijibu nilipouliza kama ni salama kujibu kwa ukweli dodoso la maoni ya wafanyakazi ambalo halitaki jina, ilhali linauliza idara, umri na miaka ya utumishi. Nilifuata ushauri wenu: maswali ya umri na utumishi niliyaacha wazi, kwa kuwa katika idara ndogo majibu hayo matatu yakiunganishwa yanatosha kumtambulisha mtu, na nikaandika juu ya utaratibu wa kazi badala ya kumsema msimamizi.

Matokeo yametoka, na idara ndogo zimejumuishwa pamoja ili mtu asitambulike, jambo lililonipa ahueni. Bima ya afya sasa inawahusu wategemezi pia, na manung'uniko juu yake yamekwisha; hata hivyo, ari ya kazi haijapanda. Mwenzenu aliyenitajia utafiti wa mwanasaikolojia wa Marekani Frederick Herzberg wa mwaka 1959 alinifumbua macho: mshahara na marupurupu yasiyotosha huleta kinyongo, lakini kinachomridhisha mtu hasa ni kazi yenyewe, kutambuliwa na kukabidhiwa wajibu. (Kuhusu mshahara, bado namtilia Herzberg shaka kidogo.)

Kero iliyobaki ni ujumbe wa kazi unaotumwa usiku, unaoanza na "samahani kwa usumbufu" kisha ukadai jibu kabla ya asubuhi. Menejimenti imeahidi mwongozo wa maandishi. Sisi tumeomba uwe na kipengele cha malipo ya saa za ziada, na kikao cha kuujadili hakijapangiwa tarehe.