Msaada: habari za RSS kwenye ukurasa wa PHP, hosti moja inaonyesha tupu na nyingine inakawia

mwana_arua
Wakuu salaam. Natengeneza saiti ya wafanyabiashara wa hapa Arua, wengi wanapeleka mali Kongo na Sudan Kusini, wanaingia kwa simu na bando la kubania, sasa wameomba pembeni pawe na vichwa vya habari vya Kiswahili vinavyojibadilisha vyenyewe. Nimechukua fidi ya BBC Swahili (faili la RSS, yaani orodha ya vichwa na viungo vya habari ambayo saiti inaitoa ili programu nyingine ziisome) nikaisoma kwa simplexml_load_file, amri ya PHP ya kusoma faili za namna hiyo, kwenye kompyuta yangu inakubali vizuri kabisa, nikipandisha kwenye hosti pale panabaki peupe. Nikajaribu hosti ya rafiki, huko habari zinakuja lakini ukurasa mzima unakawia mno kufunguka. Kuna mtu kaniambia niachane na PHP inayofanya kazi kwenye seva nitumie javaskripti inayofanya kazi kwenye brauza ya mgeni, ni kweli?

fundi_jinja
Kaka usiache PHP. Ukivuta fidi ya saiti nyingine kwa javaskripti brauza itakuzuia, labda mwenye fidi awe ameruhusu saiti za nje, na wengi hawajaruhusu. Halafu mzigo unauhamishia kwenye simu ya mteja, tena hao wa bando la kubania.

Hiyo ya peupe angalia phpinfo(), inayoonyesha mipangilio ya PHP, uone kama allow_url_fopen imezimwa, hosti nyingi za bei nafuu wanaizima, na ikizimwa simplexml_load_file haiwezi kufungua anwani ya nje. Vuta kwa cURL (nyenzo nyingine ya PHP ya kuchukua kurasa za nje), weka CURLOPT_TIMEOUT iwe 5 ili isisubiri milele, kisha hayo maandishi uyape simplexml_load_string.

Kukawia kunatoka kwingine. Kila mgeni akifungua ukurasa, seva yako inakimbia mpaka seva ya BBC, inasubiri jibu, ndipo inampa mgeni ukurasa. Wageni mia ni safari mia kwa habari zilezile! Hifadhi nakala kwenye faili:

```
$faili = __DIR__ . '/habari.xml';
if (!file_exists($faili) || time() - filemtime($faili) > 1800) {
    $mpya = vuta($anwani); // hapa ndipo cURL yako
    if ($mpya && @simplexml_load_string($mpya)) {
        file_put_contents($faili, $mpya);
    }
}
```

1800 ni sekunde, yaani nusu saa. Hiyo if ya ndani usiiondoe, siku seva yao ikigoma au ikirudisha takataka wasomaji wako watabaki na habari za mwanzo badala ya kuona makosa ya PHP. Na kama hosti yako ina cron (kipangaji kinachoendesha kazi chenyewe kwa saa ulizopanga), hapo ndiyo safi zaidi, kazi ya kuvuta iachie cron kila nusu saa na ukurasa uwe unasoma faili tu, hakuna mgeni atakayesubiri hata mara moja.

nakato_web
Naongezea jambo ambalo watu wanalipuuza na linaniuma sana. Fidi ni maandishi ya mtu mwingine unayoyaingiza ndani ya nyumba yako, siku ikidukuliwa skripti mbaya inapita moja kwa moja mpaka kwa wasomaji wako. Kichwa kipitishe kwenye htmlspecialchars (inageuza alama za HTML ziwe maandishi tu), maelezo anza na strip_tags (inaondoa tegi) kisha htmlspecialchars, na kiungo hakikisha kinaanza na http au https kabla hujakichapa. Tafadhali pia usikopi habari nzima, weka kichwa, mstari mmoja au miwili na kiungo cha kwenda kwao. Waandishi wametoka jasho kwa ile kazi.

mwana_arua
Asanteni sana, cURL na faili vimekubali, ukurasa unafunguka haraka hata kwa simu ndogo. Limebaki moja, saa za habari ziko nyuma kwa saa tatu, halafu nimeongeza fidi ya pili lakini haitoi kitu wala haileti kosa.

fundi_jinja
Saa ni kwamba fidi inaandika pubDate, yaani muda wa kuchapishwa, kwa GMT na PHP yako iko UTC, weka date_default_timezone_set('Africa/Kampala') juu kabisa, strtotime na date zitamaliza wenyewe. Hiyo ya pili ifungue uangalie mwanzo wake, ukiona `<feed>` badala ya `<rss>` ujue ni Atom, aina nyingine ya fidi. Kila habari kwenye RSS ni item, Atom haina item, ina entry, na kiungo hakimo katikati ya tegi, kimo kwenye href: `$e->link['href']` ($e ni entry moja). Ukipanga kuongeza fidi nyingi chukua SimplePie, maktaba ya PHP ya kusoma fidi, inasoma aina zote mbili na kuhifadhi nakala inafanya yenyewe, wewe uipe folda yenye ruhusa ya kuandika.