Gego linauma usiku tu na maji ya baridi yanalituliza: hii ni hatua gani, na amoxicillin inasaidia?

Mkazi_wa_Tabata:
Wakuu, heshima kwenu. Mdogo wangu ana gego la chini kushoto lililotoboka muda mrefu. Mwanzoni lilikuwa linashtuka akinywa soda ya baridi, kisha linatulia hapohapo. Sasa limebadilika. Mchana linavumilika, ila akilala tu linaanza kupwita mpaka sikioni. Chai ya moto ndiyo inaliamsha kabisa, akisukutua maji ya baridi linapoa. Duka la dawa wamempa amoxicillin na diclofenac, na jino liko vilevile. Nauliza: kwa nini usiku? Atumie nini kabla ya kumfikia daktari? Na hivi lazima ling'olewe?

Chumba_Namba_4:
Mkuu, dalili ulizozitaja zinaonyesha jino limefika wapi. Chini ya ganda gumu la nje kuna dentini, na katikati kuna chumba chenye kiini: nyama laini, mishipa ya damu na ya fahamu. Kiini hicho kimefungiwa ndani ya kuta ngumu. Mkono ukivimba ngozi inatanuka, lakini kiini kikivimba hakina pa kutanukia, shinikizo linapanda na mshipa wa fahamu unabanwa. Mtu akijilaza damu inaongezeka kichwani, shinikizo linapanda zaidi. Ndiyo sababu ya usiku. Alale kichwa kikiwa juu, mito miwili au mitatu, ataona nafuu kidogo.

Jino likishtuka kwa baridi au sukari na kutulia ndani ya sekunde chache, kiini kimekereka tu. Hapo kuziba kunatosha, na ndipo watu wengi wanapopuuzia. Maumivu yakibaki dakika kadhaa baada ya moto au baridi kuondoka, yakaanza yenyewe bila kuguswa, yakamwamsha mtu usingizini, kiini kimeharibika na hakiponi tena. La mdogo wako liko hapo, tena moto kuliamsha na baridi kulituliza ni dalili ya kuelekea mwishoni mwa hatua hiyo. Kuziba juu peke yake sasa ni kufungia ugonjwa ndani.

Hatua inayofuata ndiyo inayodanganya watu. Maumivu yanakatika ghafla, mtu anasema jino limepona. Halijapona, kiini kimekufa. Baada ya wiki au miezi bakteria wanafika kwenye ncha ya mzizi, jino linahisi limerefuka, haliwezi hata kutafuna wali, au kinatokea kipele kwenye ufizi kinachotoa usaha wenye ladha ya chumvi. Kwa hiyo likinyamaza wiki hii, msifute safari ya hospitali.

Mfamasia_K:
Nichukue upande wa dawa. Amoxicillin haijafanya kazi kwa sababu haikuwa na kazi ya kufanya. Maumivu haya yanatokana na shinikizo ndani ya kiini, na antibiotiki haipunguzi shinikizo hilo. Kiini kikishakufa ndiyo mbaya zaidi, kwa kuwa dawa husafiri na damu na mle ndani damu haipiti tena. Antibiotiki ina nafasi yake pale uvimbe unapoenea usoni au homa inapopanda, na hata hapo ni ya kusindikiza matibabu ya jino lenyewe. Kumeza antibiotiki bila sababu kunasaidia kuzalisha bakteria sugu tu. Na aliyeandikiwa Flagyl (metronidazole, antibiotiki nyingine inayotolewa kwa meno) asiguse pombe mpaka siku mbili baada ya kidonge cha mwisho.

Kwa mtu mzima asiye na tatizo lingine, mchanganyiko unaoshinda karibu kila kitu cha dukani ni ibuprofeni mg 400 pamoja na paracetamol mg 1,000 (vidonge viwili vya mg 500), vinywewe kwa wakati mmoja baada ya kula. Rudia kila baada ya saa 8. Paracetamol isizidi gramu 4 kwa saa 24, ibuprofeni isizidi mg 1,200 bila maelekezo ya daktari. Asingoje jino lichachamae usiku wa manane, anywe kabla ya kulala.

Makosa ninayokutana nayo dirishani: mtu anachanganya ibuprofeni na diclofenac. Hizo ni za kundi moja, faida haiongezeki, kinachoongezeka ni madhara kwa tumbo na figo. Mdogo wako achague moja. Pia soma pakiti, kwa sababu vidonge vingi vya maumivu vinavyouzwa hapa vina paracetamol ndani tayari, na mtu anaongeza nyingine juu bila kujua. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, pumu inayochochewa na aspirini, au mjamzito, aache ibuprofeni na diclofenac, atumie paracetamol peke yake. Na hapa Dar, mtu akiwa na homa isiyojulikana chanzo wakati dengi imetanda, asiguse ibuprofeni, diclofenac wala aspirini, zinaongeza hatari ya kuvuja damu.

Mkazi_wa_Tabata:
Nashukuru sana, wakuu. Na vipi karafuu? Jirani anashauri pia tone la maji ya betri kwenye tundu "kuua mdudu".

Bi_Mkubwa_Ilala:
Mwanangu, maji ya betri hapana kabisa. Ile ni tindikali ya salfa: inaunguza ufizi, ulimi na koo, ikimezwa inaweza kuua. Petroli na kusaga aspirini kuiweka kwenye ufizi viko kundi hilohilo. Aspirini inaacha kidonda cheupe na maumivu yanakuwa mawili. Mdudu hakuna. Tundu linachimbwa na bakteria wanaogeuza sukari kuwa tindikali, na kinachoumiza zaidi ni mara ngapi sukari inaingia mdomoni. Soda moja inayonywewa taratibu mchana kutwa ni mbaya kuliko ileile iliyonywewa pamoja na chakula. Ubuyu wa rangi unaomung'unywa kutwa vilevile.

Karafuu ina yujenoli, na kweli inatia ganzi kidogo. Safisha kwanza chakula kilichokwama: asukutue maji ya uvuguvugu yenye nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye glasi moja, apitishe uzi wa meno taratibu. Mara nyingine mchicha uliokwama ndio uliokuwa unachochea. Kisha chukua pamba ndogo kama punje ya mchele, tone moja la mafuta ya karafuu, ikamue, iweke ndani ya tundu kwa kibano. Isiguse ufizi, inaunguza. Itoe baada ya dakika chache. Asichokonoe kwa njiti ya kiberiti.

Chumba_Namba_4:
Shikamoo bi mkubwa, umemaliza. Nirudi kwenye kung'oa.

Si lazima. Kama kuta za jino bado zimesimama, linaweza kutibiwa mzizi: linapigwa eksirei, linatobolewa juu, kiini kinatolewa, mifereji (gego la chini mara nyingi huwa na mitatu) inasafishwa na kuzibwa. Safari moja mpaka tatu. Baada ya hapo gego linahitaji kofia, yaani ganda bandia la kulifunika lote, maana limebaki dhaifu na bila kofia hupasuka, hela yote ikapotea. Kwa hiyo uliza bei ya mzizi na kofia kwa pamoja. Likiwa limebomoka mpaka chini ya ufizi, au uwezo wa kofia haupo, kung'oa ni uamuzi wa heshima. Hapa Dar, hospitali za Amana, Mwananyamala, Temeke na Muhimbili zote zina kliniki za meno.

Aende akiwa amekula. Ganzi ikigoma amwambie daktari, asivumilie: jino lililovimba hupinga ganzi, kuna sindano za ziada. Akishang'olewa, ang'ate gozi (kitambaa cha kidonda) juu ya shimo kwa nusu saa, asisukutue wala kutema kwa nguvu saa 24, asivute sigara. Damu iliyoganda ndiyo kifuniko cha shimo. Ikibanduka, siku ya pili mpaka ya nne maumivu yanarudi makali na mdomo unanuka, arudi wamuwekee dawa.

Kitu kimoja hakingoji asubuhi: uvimbe unaopanda kuelekea jicho au kushuka chini ya kidevu na shingoni, mdomo kushindwa kufunguka, mate kumshinda kumeza, ulimi kuinuka, kupumua kwa shida. Hapo mpeleke idara ya dharura ya hospitali usiku uleule, hata kama jino lenyewe haliumi.